Nyabugogo na Lango la Gatuna

Mtu anayetaka kujua hali ya uhusiano baina ya Rwanda na Uganda anaweza kusoma taarifa za wizara za mambo ya nchi za nje, ambazo mara nyingi husema kwamba mazungumzo yamefanyika katika hali ya udugu na maelewano. Lakini akitaka kujua upesi zaidi, na aende Nyabugogo. Hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha mji wa Kigali, katika bonde la mto unaotoka Ziwa Muhazi na kumwaga maji yake katika Nyabarongo. Mvua kubwa ikinyesha bonde hilo hufurika maji, na isiponyesha hufurika watu. Barabara ya kaskazini inatoka hapo, inapita Gatsata, inaizunguka milima ya Gicumbi, na baada ya kilomita zipatazo 80 inafika mpakani Gatuna. Ng'ambo ya pili Waganda wanapaita mahali hapo Katuna. Ni jina lile lile, limegeuka herufi moja tu katika kuvuka mpaka.

Tangu mwisho wa Februari 2019 mpaka mapema mwaka 2022, njia hiyo ilikuwa kama mshipa uliofungwa kamba. Kwa Mnyarwanda wa kawaida safari ya Kampala ikawa haiwezekani kwa barabara. Mfanyabiashara aliyezoea kupanda basi Nyabugogo jioni na kushuka Kampala alfajiri, akanunua mzigo wake mchana na kurudi, alilazimika kutafuta kazi nyingine au njia nyingine. Na hizi zilikuwa nchi mbili wanachama wa Jumuiya moja, zenye ushuru wa forodha wa pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambazo raia wake tangu Januari 2014 waliweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho tu bila pasipoti.

Jambo hilo lilitokeaje? Swali hili linawahusu askari na polisi kuliko watu wengine, kwa sababu mgogoro wenyewe haukuanzia katika vitabu vya biashara. Ulianzia katika kazi ya vyombo vya usalama, ukasimamiwa na askari wa mpakani, na mwishowe ukafunguliwa na ziara ya mwanajeshi.

Yafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1982, wakati wa utawala wa Obote, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kutoka sehemu za Ankole. Wengi walikimbilia Rwanda, na serikali ya Kigali ya wakati huo ikafunga mpaka. Wengine wakabaki wamekwama Merama, hawana pa kwenda mbele wala pa kurudi nyuma. Vijana wengi wa wakimbizi hao walijiunga na jeshi la msituni la Yoweri Museveni, lile la National Resistance Army, lililoingia Kampala Januari 1986. Fred Rwigyema alifika cheo cha Naibu Waziri wa Ulinzi wa Uganda. Paul Kagame alikuwa afisa katika upelelezi wa jeshi hilo hilo. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF walivuka mpaka kwa Kagitumba, na Rwigyema akauawa siku iliyofuata. Kwa miaka ya vita iliyofuata barabara ya Gatuna ilikatika, na Rwanda ikategemea barabara ya Rusumo iendayo Dar es Salaam. Baada ya Julai 1994, RPF ilipoingia Kigali, lango lilifunguliwa, na ilionekana kwamba nchi mbili ambazo majeshi yake yalikula chungu kimoja zingeishi kwa amani daima.

Hapo ndipo wengi walipokosea hesabu. Ukaribu wa kijeshi hauleti mapatano peke yake. Watu waliowahi kuwa katika kikosi kimoja wanajuana udhaifu, wanakumbukana vyeo, na kila mmoja ana jibu lake kwa swali la nani alimlea nani. Katika Kongo majeshi hayo yaliingia pamoja mwaka 1996 kumsaidia Laurent Kabila, yakaingia tena mwaka 1998 kumpinga, kisha yakapigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani: Agosti 1999, Mei 2000, na kwa siku sita mnamo Juni 2000. Mizinga ilirushwa juu ya mji wa nchi ya tatu, na mamia ya raia wa Kongo, ambao hawakuwa na ugomvi na Kigali wala Kampala, wakafa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1304 la Juni 2000, liliyataka majeshi yote mawili yaondoke mjini humo. Mwaka uliofuata Uingereza iliwaita viongozi hao wawili London kuwapatanisha.

Baada ya hapo ilifuata miaka ya heri. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kuanzia Juni 2013 Uganda, Rwanda na Kenya zilikuwa zikikutana mara kwa mara juu ya Ushoroba wa Kaskazini: reli, mafuta, simu, forodha moja ambayo mzigo hulipiwa ushuru mara moja bandarini Mombasa badala ya kila mpaka. Februari 2014, mjini Kampala, nchi hizo tatu zilitia saini hata mkataba wa kulindana. Msikilizaji aliye askari na autazame mwaka huo vizuri. Kutoka mkataba wa kulindana mpaka kufungwa kwa Gatuna ni miaka mitano tu, karibu mwezi kwa mwezi.

Lawama zilizojitokeza zilikuwa hizi. Rwanda ilisema kwamba raia wake walikuwa wakikamatwa Uganda pasipo mashtaka, wakiwekwa katika mahabusu za upelelezi wa kijeshi, wakiteswa, kisha wakitupwa mpakani. Ilisema pia kwamba makundi yanayoipinga serikali ya Kigali, hasa Rwanda National Congress na wapiganaji wa FDLR, yalikuwa yakipata nafasi ya kuandikisha watu na kukusanya fedha katika ardhi ya Uganda. Uganda kwa upande wake ilisema kwamba waliokamatwa ni watu wenye makosa ya usalama, na kwamba Rwanda ilikuwa imepenyeza majasusi wake mpaka ndani ya jeshi la polisi la Uganda. Kila upande ulikanusha maneno ya mwenzake. Ikumbukwe kwamba nchi hizi zote mbili ni wanachama wa shirika la ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1998, ambalo shabaha yake ni kwamba mtuhumiwa anayetafutwa na nchi moja akionekana katika nchi nyingine, mambo yashughulikiwe kwa barua na hati. Mlango wa kisheria ulikuwapo. Haukutumika ipasavyo, na mahali pake yakaingia mashaka.

Jinsi lango lenyewe lilivyofungwa yafaa ielezwe kwa makini, maana hapakutolewa tangazo la kufunga mpaka. Mwisho wa Februari 2019 idara ya mapato ya Rwanda iliwaarifu wenzao wa Uganda kwamba magari makubwa ya mizigo yasipite tena Gatuna, bali yazunguke kwa Kagitumba, ng'ambo ya Mirama Hills. Sababu iliyotolewa ilikuwa ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani, na ni kweli kwamba ujenzi ulikuwapo. Lakini siku chache baadaye serikali ilitoa nasaha kwa raia wake wasisafiri kwenda Uganda kwa kuwa usalama wao haukuweza kudhaminiwa, na nasaha hiyo mpakani ikawa amri: Mnyarwanda hakuvuka. Mgeni aliruhusiwa, na Mganda aliyetaka kurudi kwao alirudi. Mizigo iliyotoka Mombasa kwa njia ya Uganda kuelekea Kigali iliendelea kupita Kagitumba. Iliyokatika ni bidhaa za Uganda yenyewe na mwendo wa Wanyarwanda. Juni 2019 magari makubwa yaliruhusiwa Gatuna kwa majaribio ya siku chache, kisha kikasimama tena.

Wasikilizaji watauliza: kwa nini nchi ifunge barabara badala ya kuongeza ushuru, kama zifanyavyo nchi kubwa? Jibu limo katika mikataba yenyewe. Marekani na India ni mataifa mawili makubwa yanayojiita ya kidemokrasia, yenye mazoezi ya kijeshi ya pamoja na maneno mazuri ya urafiki. Lakini Juni 2019, miezi michache tu baada ya Gatuna, Marekani iliiondolea India nafuu ya ushuru, na India ikajibu siku chache baadaye kwa kupandisha ushuru wa bidhaa 28 za Kimarekani, zikiwamo lozi na matofaa. Miaka minne baadaye, Juni 2023, walipatana na India ikaondoa ushuru ule wa kulipiza; na mnamo Agosti 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za India mpaka asilimia 50. Biashara haikukatika hata siku moja katika vuta nikuvute hiyo. Iligeuka kuwa ghali, kisha nafuu, kisha ghali tena.

Rwanda yenyewe iliwahi kuonja dawa hiyo. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate kupumua. Marekani ikanung'unika, Kenya, Uganda na Tanzania, zilizokuwa na mpango kama huo, zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwisho wa Julai 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Ulikuwa ugomvi wa taifa kubwa mno na taifa dogo, lakini ulipiganwa kwa karatasi za forodha, na hakuna aliyepigwa risasi.

Baina ya Rwanda na Uganda silaha hiyo ya karatasi haipo. Ndani ya Jumuiya bidhaa ya mwanachama haitozwi ushuru wa kuingia. Waziri akikasirika hana kiwango cha kupandisha. Kilichobaki mkononi ni lango lenyewe, na lango lina hali mbili tu: limefunguliwa au limefungwa. Kwa hiyo mikataba iliyokusudiwa kurahisisha biashara ilifanya kila ugomvi mkubwa uangukie mabegani mwa askari aliyesimama kwenye kizuizi, badala ya karani wa forodha. Huu si ubaya wa mikataba. Ni upungufu wa mahali pa kusuluhishia, kwani Jumuiya ina Sekretarieti na ina Mahakama mjini Arusha, lakini wakati wote wa mgogoro sauti yake ilisikika kwa nadra sana. Mahakama hiyo ilipotoa uamuzi mwaka 2022 kwamba kufungwa kwa mpaka kulikwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, lango lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Nani aliumia? Kwa hesabu, Uganda ilipoteza zaidi. Kabla ya 2019 ilikuwa ikiiuzia Rwanda bidhaa za thamani ya takriban dola milioni 200 kwa mwaka: saruji, nondo, unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sabuni. Katika miaka ya kufungwa kiasi hicho kilianguka mpaka dola milioni chache. Rwanda ilikuwa ikiiuzia Uganda kidogo zaidi, na mafuta yake ya petroli na sehemu kubwa ya mizigo yake ya ng'ambo ilikuwa ikipitia Dar es Salaam na Rusumo. Kwa hiyo wale waliodhani Kigali ingesalimu amri katika miezi michache hawakuwa wameitazama ramani. Nchi isiyo na bahari ikiwa na njia mbili za kwenda baharini, inaweza kuivumilia moja ikifungwa. Ikiwa na njia moja tu, mambo ni mengine kabisa.

Lakini hesabu za taifa hazionyeshi mambo ya kijijini. Mpaka huo hupita katikati ya vilima ambako ukoo mmoja una mashamba pande zote mbili na lugha ya Rukiga na Kinyarwanda hueleweka huku na huko. Kulikuwa na watoto wa Rwanda waliosoma shule za ng'ambo, na wagonjwa waliozoea kwenda hospitali ya Kabale kwa sababu ilikuwa karibu kuliko nyingine. Maduka ya Katuna yalifungwa moja baada ya jingine, maana mji ule uliishi kwa malori yanayosubiri. Huko Kigali saruji ilipanda bei, na mama aliyekuwa akichuuza unga wa Uganda katika soko la Nyabugogo alipaswa kuuza unga mwingine kwa bei nyingine kwa wateja wale wale, ambao mishahara yao haikupanda.

Na pale njia halali inapofungwa, njia za panya hupanuka. Hapa ndipo askari na polisi walipokutana na sura ngumu kuliko zote za mgogoro. Katika wilaya za Burera na Gicumbi wamekuwapo tangu zamani wachukuzi wa magendo wanaoitwa abarembetsi, ambao hubeba kanyanga, yaani pombe kali iliyokatazwa, kwa vikundi na usiku. Hao walikuwapo mpaka ukiwa wazi, na polisi wanajua jinsi ya kupambana nao. Lakini baada ya Februari 2019 katika njia zile zile za usiku alipita pia mzee aendaye kumzika dada yake, na mama mwenye kilo kumi za unga, na kijana mwenye pikipiki. Gizani, kwa umbali wa mita hamsini, mtu aliyebeba kilo kumi za unga na mtu aliyebeba kitu kingine hawapambanuliki. Kilichokuwa kosa dogo la forodha kikawa, kwa sababu ya hali ya siasa, jambo la usalama wa taifa, na askari kijana wa doria ndiye aliyeachiwa kupambanua.

Mei 2019 watu wawili, mmoja Mnyarwanda na mmoja Mganda, waliuawa kwa risasi mpakani upande wa wilaya ya Rukiga. Uganda ilisema kwamba askari wa Rwanda walivuka mpaka wakimfuata mfanya magendo. Rwanda ilisema kwamba tukio lilikuwa ndani ya ardhi yake. Matukio ya namna hiyo yalijirudia katika miaka iliyofuata, na kila mara ugomvi ulikuwa juu ya mita chache: maiti alianguka upande gani. Yafaa kusemwa wazi kwamba amri ya kulinda mpaka ni halali, na askari hachagui siasa ya nchi yake. Lakini taratibu za polisi popote duniani zinatofautisha kati ya mtu anayekimbia na mtu anayeshambulia, na pale tofauti hiyo ilipopotea, serikali zote mbili zilitumia wiki nzima kuandikiana barua za malalamiko badala ya kuzungumza juu ya lango.

Usuluhishi ulitoka mbali, na hilo lenyewe ni la kutafakariwa. Rais João Lourenço wa Angola, akishirikiana na Rais Félix Tshisekedi wa Kongo, aliwaita Kagame na Museveni mjini Luanda, na tarehe 21 Agosti 2019 wakatia saini hati ya makubaliano. Kila nchi iliahidi kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzake, kutokuwa maskani ya maadui wa mwenzake, kuheshimu haki za raia wa nchi ya pili, na kurudisha haraka mwendo wa watu na mizigo. Tume ya pamoja iliundwa. Hata hivyo maneno ya hati hayakuonekana mpakani kwa miezi mingi. Januari 2020 Uganda iliwaachia Wanyarwanda tisa waliokuwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Februari mwaka huo marais wote wanne walikutana Gatuna yenyewe, mahali ambapo wangeweza kulitazama lango kwa macho, na watu wa pande zote mbili wakakusanyika wakitumaini kwamba lingefunguliwa siku ile ile. Halikufunguliwa. Uganda ilipewa mwezi mmoja kuchunguza malalamiko ya Rwanda. Ikabatilisha pasipoti ya mmoja wa watu wa kundi la upinzani. Kisha ugonjwa wa korona ukaingia, na Machi 2020 mipaka ya dunia nzima ikafungwa. Kwa muda wa karibu miaka miwili korona ilizipa pande zote mbili udhuru wa kutozungumza.

Kilichovunja ukimya si kikao kingine cha marais. Tarehe 22 Januari 2022 Luteni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, wakati huo Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu ya Uganda na mtoto wa Rais Museveni, alifika Kigali akazungumza na Rais Kagame. Siku tatu baadaye Meja Jenerali Abel Kandiho, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa kijeshi wa Uganda na ambaye idara yake ndiyo iliyolalamikiwa na Rwanda, aliondolewa katika kazi hiyo na kupewa nyingine. Tarehe 28 Rwanda ikatangaza kwamba Gatuna ingefunguliwa tarehe 31 Januari. Yaani mambo yaliyoshindikana kwa miaka mitatu yalimalizika kwa siku tisa.

Kuna watakaosema kwamba jambo hilo linathibitisha nguvu ya udugu wa kijeshi. Yawezekana. Lakini lina upande wa pili ambao haufurahishi. Ikiwa mpaka ulioahidiwa kuwa wazi katika mikataba iliyotiwa saini na mabunge kuridhia unaweza kufungwa kwa waraka wa idara, na kufunguliwa kwa mgeni mmoja kula chakula cha mchana, basi mfanyabiashara wa Nyabugogo hana pa kuegemea isipokuwa hali ya nyoyo za watu wachache. Wafanyabiashara wanalijua hilo, na ndiyo sababu tarehe 31 Januari 2022 hapakuwa na mbio za kuvuka. Magari ya mizigo yalikuwa ya kwanza. Abiria wa kawaida walisubiri mpaka tarehe 7 Machi, mipaka ya nchi kavu ilipofunguliwa kwa watu wote baada ya masharti ya korona kulegezwa. Muhoozi alirudi Kigali kwa mara ya pili mwezi huo huo, Kagame akaenda Entebbe mwezi wa Aprili, na Juni 2022 Museveni akafika Kigali katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Picha zilipigwa, watu wakacheka.

Biashara imerudi, ingawa si kama ilivyokuwa. Katika miaka mitatu ya kufungwa, wanunuzi wa Rwanda walikwisha kuzoea mizigo ya Tanzania, na baadhi ya viwanda vya nyumbani vilipanuka vikashika nafasi ya bidhaa za Uganda. Soko likishapotea haliwarudii wenyewe siku kizuizi kinapoinuliwa. Wenye kumbukumbu ndefu watakumbuka mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya mapatano ya Arusha. Karibu miaka saba ilipita, na wafanyabiashara wa Namanga na Taveta walioondoka hawakurudi wote.

Katika Gatuna ya sasa kazi ya mpakani hufanyika kwa utaratibu wa kituo kimoja: msafiri husimama mara moja, maafisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja, mmoja akigonga muhuri wa kutoka na mwenzake wa kuingia. Kwa askari na polisi utaratibu huu una faida ambayo haitajwi sana na wachumi. Maafisa wanaokaa meza jirani hujuana kwa majina. Tuhuma inapotokea juu ya mtu, au mzigo unaposhukiwa, inawezekana kuulizana hapo hapo kabla ya habari kupanda mpaka Kigali na Kampala na kushuka tena ikiwa imegeuka kuwa tusi. Ujenzi wa kituo hicho ndio uliotajwa Februari 2019 kuwa sababu ya kusimamisha malori. Ni mojawapo ya mambo machache ya mgogoro ule yaliyoacha kitu chenye manufaa.

Mashaka hayakwisha. Mashariki ya Kongo nchi zote mbili zina mambo yao, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamezitaja zote mbili katika taarifa zao juu ya M23, nazo zimekanusha. Majeshi yaliyopigana Kisangani bado yanatazamana katika uwanja ule ule, ingawa katika miaka hii yametazamana bila kufyatuliana risasi. Orodha za watu waliopotea au kukamatwa kabla ya 2019 hazijulikani zote zilifikia wapi, na jamaa zao wapo.

Na Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, baada ya shambulio la waasi katika nchi hiyo mwezi uliotangulia, ambalo iliilaumu Kigali na Kigali ikakana. Lawama zilikuwa zile zile: kuhifadhi maadui, kupenyeza majasusi. Nyabugogo, safari za Bujumbura zilisimama, na abiria waliokuwa wamekwisha kununua tikiti wakarudishiwa fedha zao au wakaambiwa wasubiri.